Bastola ya Mjerumani ya baba mkwe, na springi iliyotafutwa na vijiji viwili

Wakuu, heshima kwenu. Mlionizidi umri shikamoo, ingawa humu ndani sidhani kama mko wengi. Vijana, marahaba.

Juzi kuna kijana kaweka hapa picha za bastola kubwa ya kijeshi, ile ya kukusanya na kupamba kabati. Plastiki tupu. Anaisifia uzito, anaisifia mpini, kaandika review ndefu kweli. Nikacheka peke yangu.

Mimi nimeshika yenyewe. Nimeifungua kwa mikono hii, na ndiyo iliyoniozesha mke. Au niseme niliamini hivyo mpaka mwezi uliopita.

Chumvi sitatia. Shahidi aliye hai ni mke wangu, yuko jikoni anakaanga karanga, na kila dakika anapita nyuma yangu kuangalia naandika nini.

Twende.

Miaka ya sabini, kabla ya vita vya Kagera. Nimetoka JKT, nina miaka ishirini na nne, nimerudi kijijini kwetu upande wa Ushetu na kofia niliyokataa kuivua hata wakati wa kula.

Niwe mkweli, jeshini nilishika jembe kuliko bunduki. Lakini kulikuwa na mwalimu wetu mmoja wa gwaride aliyekuwa na kitabu cha michoro ya silaha za zamani, na mimi kile kitabu nilikisoma mpaka kurasa zikalegea. Wengine wanapenda mpira. Mimi napenda vyuma vinavyoingiana.

Niliporudi nikajitangaza fundi wa silaha. Nani angebisha? Kijiji kizima hakuna silaha zaidi ya upinde na rungu.

Isipokuwa moja.

Mzee Lufega, manju wa ngoma ya Bagalu, alikuwa na bastola. Baba yake alibebeshwa mizigo ya Wajerumani kwenye vita vile vya kwanza vya Wazungu, akarudi na hicho chuma ndani ya boksi lake la mbao. Risasi hakurudi nayo hata moja. Kila msimu Mzee Lufega alicheza nayo uwanjani, anairusha, anaidaka, watu wanajaa.

Kwa wasiojua ngoma za kwetu, hapa msinipite. Baada ya mavuno, Bagalu na Bagika, vikundi viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu enzi, wanacheza siku moja, uwanja mmoja, huku na huku, wakati uleule. Hakuna majaji wa kutoa alama. Watu wanatembea wanakotaka, na jua likianza kushuka wazee wanaangalia upande gani umejaa. Uliojaa umeshinda. Ndiyo maana manju hulala akifikiria kituko cha kuvuta watu.

Sasa Mzee Lufega alikuwa na binti, Kabula. Nilimpenda Kabula mpaka nikawa napita kwao mara tatu kwa siku kwenda kisimani, na sisi kwetu tulikuwa na kisima.

Shida ni kwamba kulikuwa na karani wa kununua pamba. Kijana msafi, ana baiskeli yenye taa, ana suruali ya pindo. Washenga wake walikuwa wameshafika mara moja.

Asubuhi moja Mzee Lufega akaniita. Nikavua kofia, nikaamkia.

"Marahaba. Wewe kijana wa jeshi, nasikia unajua vyuma."

"Najua, baba."

"Mabula wa Bagika mwaka huu anacheza na chatu mzima mzima. Watu wamechoka kuona bastola yangu inapaa tu kimya. Nataka ilie. Hata isipotoa moto, itoe sauti, ta! Ikilia siku ya ngoma, walete wazee wako tuzungumze habari ya Kabula. Ukiniharibia kitu cha baba yangu, usipite tena hapa. Karani anasubiri jibu."

Nikajibu kwamba ni kazi ndogo.

Haya, wapenda vyuma, sehemu yenu ni hii.

Boksi kwanza. Ni la mbao, umbo la mguu wa mbuzi, na ndilo ala. Lakini ukilitoa na kulichomeka nyuma ya mpini linageuka kitako, bastola inakuwa bunduki ndogo ya begani. Nilipolichomeka likasema klik, nikasisimka mwili mzima. Sijawahi kuficha hilo.

Urefu, kutoka kiwiko changu mpaka kupita kifundo cha mkono. Uzito, kilo na ushee. Mpini mwembamba wa mviringo wenye mistari, kama mpini wa ufagio uliokatwa. Tumbo la risasi liko mbele ya kidole, siyo ndani ya mpini, na zilikuwa zinashindiliwa kutokea juu.

Kilichoniacha hoi ni kipimo cha kulengea. Kina namba zinazopanda mpaka elfu moja. Mita elfu, wakuu. Bastola. Usimame kisimani umlenge mtu aliyeko gulioni, tena umchague.

Ndani hakuna skrubu. Vipande vinashikana vyenyewe, kila kimoja kinamzuia mwenzake. Aliyeibuni alikuwa na akili, au alikuwa na ugomvi na mafundi.

Harufu yake ilikuwa ya samli. Miaka hamsini familia ilikuwa inaipaka samli ya ng'ombe kila mwaka, kwa heshima. Nilipokwangua kidogo ikatoka ganda la njano. Ndiyo maana hailii, nikasema, imeganda. Nitaifungua, niioshe kwa mafuta ya taa, basi.

Ilikuwa msimu wa pamba. Ua wote wa Mzee Lufega umejaa vichuguu vya pamba, Kabula na mama yake wanachambua, pamba safi huku, fifi, ile chafu ya bei ya chini, kule. Nikawa natafuta pa kuweka vipande visiingie mchanga.

Kabula akasema, "Weka juu ya pamba. Hakuna mahali safi kuliko hapo."

Akanipa na sindano yake ya kushonea magunia nisukumie pini. Nikaona huyu mwanamke ananipenda.

Sasa mtu wa pwani angejua kwamba chuma hakikai juu ya pamba. Sisi tumezaliwa kwenye pamba, tunalalia pamba, kwetu pamba ni meza. Nikapanga vipande, nikamhesabia Mzee Lufega kwa sauti ili anione mjuzi. Vipande saba, baba. Saba, akarudia, akavishika kichwani.

Nikaenda kuomba mafuta ya taa jirani. Niliporudi viko sita.

Haipo springi ya kusukuma nyundo. Bila hiyo bastola haiwezi kulia, kwa sababu nyundo inaning'inia tu kama sikio la mbwa mzee.

Nikachakura. Kabula akachakura na mimi. Tulichambua kile kichuguu mpaka hakuna tena safi wala fifi, mama yake akatufokea. Mchana mkokoteni ukaja, magunia yakashindiliwa, pamba ikaondoka kwenda kituoni kwa yule yule karani. Nilisimama barabarani nalitazama vumbi lake nikiwa nataka kulia, na nadhani nililia kidogo.

Ningefanyaje? Nikavirudisha sita, vikakaa kwa kulegea. Nikampelekea mzee bastola inang'aa.

"Inalia?"

"Inalia, baba. Ila ina mwiko. Isijaribiwe kabla ya siku yenyewe."

Wakuu, mtu mwingine angenikamata palepale. Lakini Mzee Lufega alikuwa mtu wa dawa za ngoma, mambo ya miiko ndiyo maisha yake. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama tumeelewana watu wazima. Akaifunga kwenye ngozi, akaenda kuiweka mvunguni.

Siku nne sikupata usingizi wa maana. Nilifikiria kutorokea Kahama.

Siku ya ngoma ikafika. Watu wametoka vijiji viwili na zaidi. Upande ule Mabula kavaa chatu shingoni, umati umemzunguka. Upande wetu ngoma zinapigwa vizuri tu, lakini watu wachache, ukiwaangalia ni ndugu watupu. Karani kaegemea baiskeli yake katikati, kakunja mikono.

Mzee Lufega akaona hali. Akanitazama, akachomoa bastola.

Kwanza akaizungusha juu ya kichwa kwa mkono ulionyooka, mara moja, mara mbili. Ya tatu bastola ikafunguka nyuma na matumbo yote yakatoka. Vyuma vikapaa juu ya watu vinametameta, vikaenda kuanguka kwenye majani na vumbi.

Ngoma zikanyamaza.

Mzee akatazama ganda lililobaki mkononi. Nikajua nimekwisha. Kisha akapaza sauti ya umanju, ile inayofika ng'ambo ya mto.

"Mtu asiinue mguu. Vyuma vya baba yangu vimeanguka. Viko saba. Atakayeviona, namchinjia mbuzi."

Watu wakainama. Habari ikaanza kutembea. Ilipofika katikati ya uwanja mbuzi alikuwa ameshakuwa dume la ng'ombe. Ilipofika kwa Bagika yalikuwa madume matatu, na bastola imelipuka.

Wakahama. Wanawake na watoto mgongoni, wazee na fimbo, wapiga ngoma wa Bagika wenyewe. Wote chini, wanapapasa. Kimoja kikaonekana, shangwe. Cha pili. Mpaka sita.

"Bado kimoja," Mzee Lufega akasema. "Fundi alinihesabia saba."

Na mimi fundi, niliyejua kwamba cha saba kiko ndani ya gunia la pamba, pengine kimeshafika kwenye kiwanda cha kuchambulia, nilifanya nini? Nilipiga magoti na suruali yangu ya jeshi, nikatafuta kuliko wote. Nilipekua kila jani. Nilikwangua ardhi kwa kucha. Aibu ilikuwa imenijaa mpaka masikioni, naomba tu jua lizame nife na siri yangu.

Kabula alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, naye kainama, anatafuta polepole, ananitazama.

Mwisho akaja Mabula mwenyewe. Peke yake kule angefanya nini? Akamtua chatu chini kwa uangalifu, akainama naye akatafuta. Chatu akapita katikati ya watu na hakuna aliyekimbia. Bibi mmoja alimsogeza kwa mkono, "Pisha, baba, unatukanyagia."

Jua likaanza kushuka. Wazee wakaangalia. Upande wa Bagika hakuna mtu, katikati kuna baiskeli na karani wake, hakutaka kuchafua pindo. Upande wa Bagalu vijiji viwili viko chini, magoti kwa viwiko.

Bagalu imeshinda. Haijawahi kushinda vile, wala haikushinda tena.

Mzee Lufega akanivuta pembeni. Nikafungua mdomo niungame. Akanizuia.

"Nilikwambia nataka ilie. Wewe ukaona mbali zaidi. Walete wazee wako."

Nikafunga mdomo. Mngeungama ninyi?

Bastola haikulia kamwe. Miaka ya themanini mzee aliipeleka kituo cha polisi mwenyewe, akaisalimisha. Askari aliikagua, akasema hii haina springi. Mzee akamjibu kwa fahari kwamba springi yake ilitafutwa na vijiji viwili. Amefariki akiamini hivyo.

Sasa mwezi uliopita.

Tunaishi Katoro siku hizi. Tumebadilisha mabati, tukatoa vitu vya zamani nje. Nikakuta kopo la maziwa ya unga la mke wangu, lile ambalo maisha yote nimeambiwa lina vifungo. Nikalifungua nitafute kifungo cha shati.

Ndani ya kitambaa, springi. Ndefu kama kidole changu cha shahada. Haina kutu hata chembe. Imepakwa samli.

Nilikaa chini kwenye tofali. Nikamwita, "Mama Nkwimba."

Akaja, akaona, wala hakushtuka.

"Hii uliipata wapi?"

"Juu ya pamba. Ulipokwenda kuomba mafuta ya taa."

"Na tukachakura wote mpaka mama akatufokea?"

"Nilikuwa naogopa ungenishtukia."

"Uliificha ya nini?"

Hapo akafuta mikono kwenye kanga. Akasema bila kupepesa, "Nilikuwa namtaka karani. Nilitaka ushindwe, mzee akufukuze."

Wakuu, nina wajukuu kumi na mmoja na huyu mwanamke.

Iliniuma, sitawaficha. Nikamuuliza basi ilikuwaje, mbona mzee alipomuuliza kama anakubali alikubali siku hiyohiyo.

Akasema, "Pale uwanjani watu wote walikuwa wanatafuta kitu. Sisi wawili tu tulijua hakipo, na mimi nilikuwa nimekifunga kwenye upindo wa kanga. Nikakuona unakwangua ardhi kwa kucha, damu inatoka, unatafuta kitu unachojua hakipo. Nikamwangalia karani kasimama na baiskeli. Nikaona huyu karani ni safi, na wewe fifi. Nikachagua fifi."

Kisha akachukua springi mkononi mwangu, akaifunga kitambaa, akairudisha kwenye kopo. Kumbe kila mwaka baada ya mavuno alikuwa anaipaka samli, kama babu zake.

Nilichojifunza? Ukifungua chuma cha mtu, tandika turubai. Na usimhesabie mwenye mali vipande kwa sauti.

Hilo lingine bado nalitafakari. Miaka yote nilijiona ndiye niliyekuwa na siri.

Uwanja ni wenu, chekeni mnavyotaka. Ila wewe uliyeoa na unajiamini, kabla hujaandika comment, nenda kwanza kaangalie kopo la vifungo.