Mama Usicheke Apandisha Nyota Darini

Mke wangu ni mpiga picha, na mtaani wanamwita Mama Usicheke. Jina amelichuma mwenyewe. Kutwa yumo kwenye chumba chake cha picha za pasipoti, kiti kimoja na pazia jeupe, na kila anayekaa anaambiwa, "Tazama hapa, usicheke." Mteja akishatoka, yeye hugeukia kompyuta akafuta chunusi, akapunguza mifuko ya macho, akanyoosha na kola iliyolala upande. Hakuna aliyewahi kurudisha picha yake. Mimi ni fundi cherehani wa mlango wa pili, na nasema bila haya kwamba nimeoa mtu hodari, ingawa akinisikia huniuliza nataka nini.

Mwaka huu mama yake aliteleza bafuni akavunjika nyonga, tukamleta kwetu. Mfupa uliunga vizuri. Daktari akasema kilichobaki ni yeye mwenyewe kutaka kuinuka, na asipoinuka mapema hatainuka tena. Mama hakutaka. Alilala chali macho yakiwa darini, akionja vijiko viwili vya uji kisha anafunga mdomo. "Niacheni," alisema. "Kazi yangu imekwisha."

Neno hilo lilituchoma. Huyu ndiye aliyefagia magofu ya jumba la kale, nje ya mji, tangu mke wangu yuko mgongoni. Jioni akimaliza hukaa kizingitini, ufagio mapajani, akitazama nyota mpaka mlinzi amwambie anafunga geti. Pale alipaita kwake, na hakuna aliyembishia.

"Wee fundi," mke wangu aliniambia siku moja tukiwa jikoni, "kama mama hatazami kitu ila dari, basi tumwekee kitu darini."

"Kitu gani?"

"Kwake. Na nyota zake."

Tulikwenda usiku ambao mwezi mchanga ulikuwa unakaribia kuzama. Mlinzi alitufungulia aliposikia ni kwa ajili ya nani. Mke wangu akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, ikitazama ukuta wenye tao na anga juu yake. Haikupiga picha moja tu. Ilipiga, ikapiga tena, palepale, saa baada ya saa, kwa sababu baadaye picha zote zikipandanishwa kwenye kompyuta kila nyota huacha mstari wake, na mistari hiyo huzunguka mbingu nzima. Mimi nilipewa tochi na amri ya kutoiwasha. Nilipokaribia kupiga chafya alininong'oneza, "Kaipigie nyuma ya ukuta." Yeye hakukaa chini. Alisimama na kitambaa, akifuta umande kwenye lenzi kati ya picha na picha, upesi na kwa upole, mpaka kulipopambazuka. Mimi kusubiri kunanishinda hata kwa kinyozi. Nilimtazama nikajiona mvivu wa kupindukia, na nikampenda upya.

Siku mbili alishinda kwenye kompyuta. Kisha akachapisha picha kwa mchora mabango, vipande vikubwavikubwa, tukapanda juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa tukavibandika juu ya kitanda. Ilipendeza kupita kiasi. Ukuta ulikuwa safi, tao halina doa, na nyota zimelizunguka duara juu ya duara.

Mama alitazama. "Ni wapi huko?"

"Magofuni, mama. Kwako."

"Siyo kwangu. Hilo jumba jipya." Akafumba macho, na siku hiyo hata uji hakuugusa.

Nilimkuta mke wangu jikoni analia. Alikuwa ameziba nyufa zote. Alikuwa amefuta ukungu mweusi, mawe yaliyopukutika na mti mchanga uliochipua juu ya tao, mkono umekwenda wenyewe kama unavyokwenda kwenye nyuso za wateja. "Nimeyapiga pasipoti," alisema. "Magofu ya mama yangu nimeyapiga pasipoti!" Nilitaka kucheka nikajizuia, maana alikuwa na hofu kweli, nami pia nilikuwa nayo.

Alirudia kazi yote upya kwa zile picha za mwanzo, safari hii bila kugusa hata kokoto. Tukapanda tena mezani. Tuliposhuka, nilianza kukusanya gundi nisimwangalie mke wangu usoni.

Ndipo mkono wa mama ukatoka ndani ya shuka, kidole kikaelekea juu.

"Nani anafagia pale siku hizi?"

"Wamemweka mtu mpya, mama."

"Mpya ndiyo awe kipofu? Huo mti hauoni? Mizizi ikishika itaangusha tao lote! Na pale kizingitini, hebu ona majani, tele! Aibu gani hii?"

"Nimpigie simu mlinzi?" mke wangu aliuliza.

"Utamwambia nini wewe? Nitakwenda mwenyewe. Niinueni."

Tulimshika. Mkono wangu aliusukuma, akamkumbatia bintiye shingoni, akauma meno, akajivuta kidogokidogo mpaka akakaa ukingoni mwa kitanda, jasho likimtoka, nyayo zikiwa sakafuni. Nyota zote zilikuwa juu ya kichwa chake, na hakuzitazama hata kidogo.

"Viatu vyangu mmeviweka wapi?" aliuliza.