Siku Nne za Bibi Kigwa

Bibi yangu mzaa baba alikwenda pwani kwa miguu na kurudi mara mbili, na katika nyumba yetu ya Ipuli hakuna aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo. Ukilalamika kwamba jembe limekuchubua kiganja, unaambiwa habari za pwani. Ukisema uji umepoa, pwani. Alikuwa ameolewa karibuni wakati huo, kabla reli haijafika Tabora. Mumewe alikuwa mpagazi wa pembe za ndovu, naye Bibi alimfuata nyuma na chungu, mkeka na unga wa safari kichwani. Sisi wajukuu tulizijua kambi za njia ile kwa mpangilio kuliko tulivyozijua sala za asubuhi, na masista waliotufundisha hawakufurahi.

"Ninyi vijana wa siku hizi mnabebwa na moto," alizoea kusema, maana gari la moshi hakulipanda hata siku moja, na aliapa hatalipanda. Kwake yeye, Mwingereza, bomba la maji, baiskeli na kiberiti vilikuja kwa kusudi moja tu, kulegeza magoti ya wajukuu zake.

Sasa nami ni bibi. Wajukuu zangu wananitaka niamue nani kapata taabu zaidi, wao au sisi. Siamui. Nawasimulia habari za Kigwa, nao wakichoka kusikiliza wanaondoka.

Hadithi kubwa ya Bibi ilikuwa ya kuzaliwa kwa baba yangu. Alizaliwa njiani, katika nchi ya Ugogo, msafara ukiwa unarudi. Bibi aliisimulia kwa ufupi sana: uchungu ulimshika asubuhi, akazaa kando ya kichaka, kesho yake akamfunga mtoto mgongoni, akabeba chungu chake, akatembea. Basi. Akimaliza alitutazama mmoja mmoja, na kila msichana aliyekuwa pale alijiona si kitu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoolewa na kijana aliyeajiriwa kukagua nyaya za simu kando ya reli. Tulipewa nyumba Kigwa, stesheni ndogo upande wa mashariki, mwendo wa siku mbili kwa mtu wa miguu. Siku ya kuniaga, mbele ya shangazi zangu wote, Bibi alinikumbusha desturi: mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mama, kwa hiyo mimba ikiingia mwezi wa saba nifunge mzigo nirudi. Akaongeza kwamba mimi na magoti yangu ya uji nisithubutu kungoja wa nane. Hapo ndipo mdomo uliponiponza. Nilimjibu kwamba yeye alizaa kichakani, nami nitazaa chini ya bati, na sitarudi kwetu kulelewa. Shangazi zangu walishika vinywa. Bibi alicheka, akaniita mke mwenzangu kama bibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, akasema haya, tutaonana.

Nyumba ya Kigwa ilikuwa nzuri. Nasema hivyo nisije nikaonekana mtu asiye na shukrani. Bomba la reli lilifika uani. Unga wa posho ulishushwa kutoka kwenye treni ukiwa umeshasagwa, gunia zima. Kuni nilijiokotea kwenye mabaki ya magogo yaliyokatwa kwa ajili ya injini, hatua ishirini kutoka jikoni. Kwa hiyo sikuwa na sababu ya kwenda kisimani, wala ya kutwanga, wala ya kuingia porini na wanawake wenzangu. Kijiji kilikuwa ng'ambo ya reli, na asubuhi nilisikia michi yao ikipokezana. Wao waliniona mke wa mtu wa reli asiyehitaji kitu. Mimi niliona aibu kwenda kugonga hodi kwa watu bila shida yoyote. Tuliishia kupungiana mikono.

Mume wangu aliondoka kila Jumatatu asubuhi na kurudi Jumamosi. Jirani yetu wa pekee alikuwa mkuu wa stesheni, mtu wa mbali aliyekuja bila familia, mpole, mwenye maneno mawili kwa siku, moja la asubuhi na moja la jioni. Nilianza kuzungumza na kuku, na kuku mwenyewe alikuwa mmoja.

Nilikuwa mpweke kiasi cha kuumwa kifua, na sikujua nimwambie nani. Nani angenihurumia? Nilikuwa nimeshiba, nimevaa, nimekingwa mvua. Nikijipima kwa Bibi, sikuwa na taabu hata moja ya kutaja.

Mimba ilipoingia mwezi wa saba mume wangu alinihimiza niende Ipuli. Nilimwambia mwezi ujao, naye alijua naongopa lakini hakuwa mtu wa ugomvi. Alipoondoka nilianza hesabu zangu za uoga: uchungu ukinishika Jumanne, nani atasikia? Siku moja nilijifungia chumbani nikaita kwa sauti, kama mtu anayeomba msaada, nione kama atatokea yeyote. Alikuja kuku, akasimama mlangoni akanitazama.

Wiki iliyofuata, Jumatatu alasiri, mume wangu akiwa ameshaondoka, Bibi alitokea kwenye njia ya machungani. Alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope. Alilala usiku mmoja njiani kwa watu wa ukoo, akafika na kibuyu cha asali na mfuko wa michembe, vile viazi vyetu vitamu vinavyokatwa na kuanikwa juani. Nilipiga magoti nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema amekuja kumwona huyo anayezaa chini ya bati.

Jioni hiyo aliikagua nyumba kama mnunuzi wa ng'ombe. Alifungua bomba, akalifunga, akalifungua tena. Alitia mkono kwenye gunia la unga mpaka kwenye kiwiko. Alicheka sana. Alisema laiti wapagazi wangeonyeshwa maisha haya wangedhani ndiyo peponi, na akataka kujua sura yangu imenywea kwa ajili ya nini.

Jumanne aliamka kabla ya jua akashika ndoo aende kisimani, akafika mlangoni akalikumbuka bomba. Akaiweka ndoo. Akatafuta kinu, hatukuwa nacho. Akafagia uani, nami nilikuwa nimeshafagia. Alimpigia mkuu wa stesheni salamu ya kwetu kwa sauti kubwa, mwangaluka, na yule bwana, ambaye Kinyamwezi hakukijua, alivua kofia akainama. Bibi akangoja aulizwe habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Bwana akaivaa kofia yake akaingia ofisini.

Jumatano hakutaja pwani hata mara moja. Hilo lilinitisha. Alikaa kizingitini, na kila baada ya muda aliniuliza saa ngapi, yeye ambaye maisha yake yote alisoma saa juani. Aliniuliza mume wangu anarudi lini, nikamwambia Jumamosi. Halafu? Halafu Jumatatu anaondoka. Akauliza siku hizo zote hukaa na nani, nikamjibu kwamba niko tu hapa. Akawa anavuta uzi kwenye pindo la kanga yake.

Alhamisi mchana treni ilipita bila kukaa. Bibi alisimama akazipungia nyuso zote madirishani, behewa la kwanza hadi la mwisho, na aliendelea kupunga reli ikiwa imebaki tupu. Kisha akaketi.

"Mke mwenzangu," alisema, "nimelala Ugogo simba wakilia. Hii yako siiwezi."

Nilidhani ni utani, nikangoja acheke. Hakucheka. Akaanza upya ile hadithi ya kuzaliwa kwa baba, na safari hii hakuikata. Alishikwa na wanawake sita, wake za wapagazi, wawili mgongoni, wawili magotini, mmoja akimfuta jasho, mmoja akimtukana kwa utani ili asahau maumivu. Wanaume wa kambi yao walikataa kuondoka siku nzima, kiongozi akafoka mpaka akachoka. Mama mmoja wa Kigogo, asiyejulikana na mtu, alileta maziwa na kuondoka. Na kile chungu alichobeba kesho yake kilikuwa kitupu. Unga na mkeka vilishagawanywa kwenye vichwa vya wengine.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia hayo. Akasema aliona hayana sifa. Tena alidhani kila mtu anayo. Maisha yake yote hakupata kulala peke yake ndani ya nyumba, hata alipofiwa na mumewe, kwa kuwa tulirundikwa sisi wajukuu kitandani kwake. Nilikumbuka. Mimi nililala upande wa ukutani.

Kisha akanieleza kilichompata njiani akija. Zamani, msafara ulipofika penye njia panda, kiongozi alivunja tawi akalilaza juu ya njia isiyo yenyewe, ili walio nyuma, wagonjwa na wanawake wenye watoto, wasipotee. Akija Kigwa alifanya vivyo hivyo bila kufikiri, mkono wenyewe ulizoea. Kwenye njia panda ya tatu alikuwa ameshika tawi, akageuka kutazama kama wengine wanakuja.

"Nyuma yangu hakuna mtu," aliniambia. "Nikalia, mzee mzima."

Akaniomba niondoke naye kesho. Ndiyo, aliniomba, yeye ambaye hakuwahi kuniomba hata maji. Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Lakini nilizikumbuka nyuso za shangazi zangu siku ile, na nikayasikia majigambo yangu yote, na nikamwambia nitakuja kwa treni wiki ijayo. Sote wawili tulijua kwamba sitakuja. Hakunibembeleza. Alianza kusema asiyesikia la mkuu, halafu hakumalizia.

Ijumaa alfajiri nilitaka kumsindikiza. Alinikataza nisivuke reli, akasema nirudi nikaangalie nyumba yangu. Nilimtazama mpaka kanga yake ikapotea kwenye miti, nikarudi jikoni, nikapika uji, nikamimina vikombe viwili. Nilipoona nilichofanya niliketi chini. Ng'ambo ya reli michi ilianza. Nilijua kesho mume wangu atarudi na Jumatatu ataondoka, na nilijua kwamba siku ikifika nitaita, na atakuja kuku. Mkono mmoja haulei mwana, watu husema hivyo kila siku, mimi nami nilikuwa nikisema. Nililia kwa sauti, na hilo nalo hakuna aliyelisikia.

Uji wote nilimpa kuku. Nilifunga nguo mbili kwenye kanga, nikafunga mlango, nikampelekea mkuu wa stesheni ufunguo, nikamwomba amwambie mume wangu nimekwenda kwetu kujifungua. Aliniambia treni ya Tabora ni ya keshokutwa. Nilimwambia nakwenda kwa miguu. Alilitazama tumbo langu, akavua kofia.

Ulikuwa ujinga, sikatai. Njia ile sikuijua. Nilikuwa nimepita upande ule kwa treni tu, na kwa treni njia huioni, unaona miti inakimbia. Baada ya mashamba ya mwisho nilikuta njia panda, mbili sawasawa kwa upana, zote zikielekea machweo, zote zimekanyagwa na ng'ombe. Nilisimama katikati. Jua lilikuwa limeshapanda, na mtoto alikuwa akipiga teke ubavuni. Ukipotea kwenye miombo ile unaweza kutembea mpaka jioni bila kukutana na mtu, na nilianza kugeuka nirudi.

Ndipo nikaliona. Njia ya kushoto ilikuwa imelazwa tawi, kutoka ukingo hadi ukingo. Nikasema moyoni ni la Jumatatu, la mazoea yake. Nililiokota. Majani yalikuwa mabichi, na pale lilipovunjwa palikuwa bado pana maji. Lilivunjwa asubuhi ile, baada ya mimi kumwambia mbele ya macho yake kwamba siendi.

Nililirudisha kama lilivyokuwa, nikashika njia ya kulia. Penye njia panda ya pili palikuwa na tawi. Penye ya tatu pia, na hilo aliliwekea jiwe juu upepo usilichukue.

Nilimkuta karibu na mchana, ameketi juu ya gogo kivulini. Mtu aliyetembea mpaka pwani alikuwa amekwenda mwendo ambao hata mimi na tumbo langu niliufikia. Michembe ilikuwa imetandazwa juu ya kitambaa, imegawanywa mafungu mawili, na la kwake hakuligusa. Aliniuliza kama nimefunga mlango. Nikasema nimefunga. Tukala. Tulipoinuka alinyoosha mkono akauchukua mzigo wangu, akauweka juu ya wake. Aliubeba mpaka Ipuli, na njia nzima hakusema neno kuhusu magoti yangu.