Mama Zulia na Udongo Unaokunywa

Mjini walimwita Mama Zulia, ingawa zulia la sebuleni hakuwahi kuliuza hata moja. Kazi yake ilikuwa kutandika nyasi bandia mbele ya mabenki, kwenye nyua za hoteli, kandokando ya maduka makubwa. Kokote ambako jua kali na udongo wa mfinyanzi vilikuwa vimekula njama ya kutobakiza hata jani moja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye magoti magumu kama visigino na kisu kiunoni saa zote za kazi. Mumewe, fundi cherehani, alipenda kuwaambia wageni, "Humu ndani sote ni washonaji. Nguo zangu zinavaliwa na watu, zake zinavaliwa na ardhi." Wageni wakicheka, naye alicheka kuliko wote.

Jina hilo halikuja kwa siku moja. Kazi yake ya kwanza ya kujitegemea ilikuwa ua wa jengo la ofisi la ghorofa nne, na meneja wa jengo alitaka umalizike upesi. Mama Zulia akasawazisha udongo, akamwaga mchanga kidogo, akatandika zulia la nyasi, akaunganisha vipande, akafagia. Ukapendeza, watu wakapiga picha.

Mvua ya kwanza ilipoanguka, ua ukaumuka. Katikati pakavimba, pembeni pakadidimia, na kila aliyepita alisikia maji yakilia chwaka-chwaka chini ya nyayo zake. Jua liliporudi, udongo ukanywea na kupasuka, mishono nayo ikaachama.

Angeweza kuilaumu mvua. Wengi huilaumu, na mvua haina mdomo wa kujitetea. Lakini yeye alipanda ngazi hadi ofisini kwa meneja.

"Kosa ni langu, bwana," alisema. "Nitaling'oa lote nilitandike upya."

"Na likivimba tena?"

"Likivimba tena, usiniite fundi. Wala usimruhusu mtu mwingine aniite."

Nyumbani aliishi na mama yake mzazi, aliyekuwa mfinyanzi wa vyungu mpaka vidole vilipoanza kumkatalia. Bibi huyo hakuwa mtu wa kutoa sifa. Jioni ile alimtazama bintiye akichokoa chakula bila kula, akamwambia, "Kesho nipeleke nikauone huo ua wako."

Asubuhi yake wakaenda. Bibi aliinama penye ufa, akang'oa bonge la udongo, akalilowesha kwa maji ya chupa na kulisokota likawa kamba nyembamba. Akaivingirisha kidoleni kama pete. Haikukatika. Akaangua kicheko.

"Udongo huu unakunywa, mwanangu! Ukinywa unavimba, ukilala njaa unajikunja. Wewe umemtandikia mlevi shuka, kisha unashangaa kwamba shuka halitulii."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Mnyime kinywaji. Maji yapite kando, yasimfikie." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Na hukuniuliza! Miaka arobaini nimeukanda udongo huu, mtoto niliyemzaa ananipita mlangoni kwenda kuuliza dukani."

"Nisamehe. Nilidhani vyungu na nyasi ni vitu viwili."

"Juu ni viwili," alisema bibi. "Chini ni kimoja."

Kazi ya pili ilichukua siku kumi na moja. Mama Zulia na mafundi wake wanne walichimba kina cha mkono mzima mpaka bega, wakauchukua ule mfinyanzi kwa lori. Sakafu ya shimo wakaiinamisha kidogo kuelekea mtaroni, wakalaza mabomba yenye matundu, wakatandaza kitambaa kigumu ili udongo usipande kuchanganyika na mawe. Juu yake zikaja kokoto, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likimwagiwa maji na kushindiliwa kwa mashine mpaka makarani wakachungulia madirishani wakidhani jengo linahama.

"Mama, unatuchimbia kisima?" aliuliza meneja.

"Nachimba heshima yangu, bwana. Iko chini kidogo."

Zulia lenyewe aliliacha juani mchana kutwa lilegee, akalikata jioni lilipopoa, kwa sababu linalokatwa likiwa limetanuka kwa joto hunywea baadaye na kuacha mianya. Badala ya chembe nyeusi za mpira wanazomwaga mafundi wengine, ambazo huchoma kama kikaango saa saba mchana, alifukia mchanga mweupe kati ya majani.

Kisha mvua ikaja, tena ikaja na hasira zake zote. Ilinyesha siku tatu. Mama Zulia alishona vishikizo vya wateja wa mumewe ili mikono isikae bure, na alivishona vibaya. Siku ya nne akamchukua mama yake wakaenda.

Kwa mbali waliona maji yakitoka kwenye bomba kuingia mtaroni, meupe, bila haraka. Katikati ya ua alisimama meneja na tai yake, akirukaruka.

"Nimeruka asubuhi nzima!" alipiga kelele. "Hapabonyei! Mama Zulia, hapabonyei popote!"

Kando yake alikuwepo mwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara, suruali imekunjwa magotini kwa matope ya kwake. "Ndiye huyu?" aliuliza. "Fundi, ukitoka hapa usiende nyumbani. Pitia kwangu kwanza."

Mama Zulia aliitikia kwa kichwa. Akanyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza mwanamke yule mfupi alionekana mrefu.

Mama yake hakuwasikiliza. Alikuwa amevua viatu, amepiga magoti, anapapasa majani kwa vidole vilivyopinda, akisogea polepole kutoka ukingo hadi ukingo.

"Unatafuta nini, mama?"

"Mshono." Akapapasa tena, akasogea, akarudi alikotoka. Meneja na mwenye hoteli wakasogea kumpisha. Mwishowe bibi aliinua mkono ili bintiye amsaidie kusimama.

"Sijauona," alisema.

Kwa miaka yote, Mama Zulia hakuwahi kupewa sifa iliyozidi hiyo. Alimshika mama yake mkono, akamvalisha viatu, wakavuka barabara kwenda kuuona udongo wa hotelini.