Mashine Iliyoambiwa "Kidogo Tu"

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, niliposikia kwamba Wazungu wametuletea Kisumu kompyuta inayofikiri, tena wametuletea bure, swali langu la kwanza lilikuwa: wanataka nini?

Afisa wetu wa idara ya uvuvi alikuwa bwana wa Milimani, mtaa wa wakubwa, mwenye ua mpana kuliko soko la kwetu. Alitukusanya ofisini akatueleza kwamba Wajapani na Wamarekani wanashindana kutengeneza mashine zenye akili za binadamu, na Ulaya nayo haitaki kuachwa. Serikali imeamua Kenya isibaki nyuma. Sisi tungeanza na samaki. Kompyuta ingeambiwa hali ya kila bichi ya ziwa, pale mashua zinaposhusha samaki, kisha yenyewe ingefikiri na kuamua wapi pajengwe nyumba ya barafu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga polepole, nikijiuliza watu wanaokimbizana hivyo wamepata wapi nafasi ya kusimama na kutupa lifti.

Lakini hilo neno barafu lilinigusa. Mama yangu alinunua samaki kwenye mashua na kuwauza mjini. Mbuta akikaa juani nusu siku hunuka, na wanunuzi wa Kisumu wana pua. Mara nyingi nilimwona akiwatupia mbwa samaki aliowanunua asubuhi kwa kubembeleza. Nyumba ya barafu ikijengwa kwenye bichi yetu, mama angepumua. Kwa sababu hiyo tu nilikubali kuwa mkalimani wa mradi ule.

Kompyuta ilikuwa na chumba chake, chenye kufuli na mashine nyingine ya kupoza hewa. Ulivua viatu kabla ya kuingia, maana haikupenda vumbi. Afisa, ambaye hatukuwahi kumwona akimvulia mtu hata kofia, aliingia mle na soksi. Mtaalamu alikuwa kijana wa Kizungu mwenye adabu. Alinieleza kwamba mashine huambiwa, hulinganisha, huamua, na haina upendeleo. Nilimuuliza majibu tutakayoyakusanya kwa watu wetu yatakaa wapi siku akirudi kwao. Akacheka, akasema nina maswali mengi. Nikaona hilo si jibu.

Tukaanza kuzunguka ziwani. Sasa, kwetu mtu hataji wingi wa riziki yake mbele za watu. Hahesabu watoto wake kwa sauti, wala ng'ombe. Mvuvi ambaye mashua yake imejaa hadi maji yanachungulia ndani, ukimuuliza amepataje, atakujibu "matin", yaani kidogo. Ukisema nyingi, umeita jicho baya, na baada ya jicho wanafuata jamaa wenye shida. Wenyeji tunasikia "kidogo" na kuelewa yetu. Mgeni mwenye kalamu ndiye hasa wa kujibiwa hivyo, kwa sababu aliyemtangulia alikuwa mtoza ushuru.

Kabla ya siku ya bichi yetu nilimweleza mama yote. Nilimwambia ni habari ya barafu, aseme ukweli. Alikubali. Tulipofika tukamkuta kando ya makarai yaliyofurika mbuta, mikia ikining'inia nje. Mtaalamu akauliza, nami nikatafsiri: kwa siku anapata samaki kiasi gani? Wanawake wenzake wakanyamaza kumsikiliza. Mama akatazama makarai, akanitazama mimi, akavuta leso akawafunika samaki.

"Matin," alisema. "Kidogo tu, nyathina, mwanangu. Tunalala njaa."

Mtaalamu akaandika. Nilimwambia palepale kwamba hiyo ni adabu, atazame makarai. Akayatazama, nikaona amesumbuka. Lakini alisema mashine inataka swali moja, lililoulizwa namna moja, kila bichi. Makarai ya siku moja haiwezi kuyapokea. Mjini nikamweleza afisa. Akaniambia nisiharibu mradi wa taifa kwa ajili ya mama yangu.

Basi kompyuta ikafikiri. Nyumba ya barafu ikajengwa mbali na kwetu, kwenye bichi ya wafanyabiashara waliohamia kutoka katikati ya nchi, ambao walikuwa wamejibu bila kupepesa kwamba wanapata samaki wengi na wanataka zaidi. Bichi yetu, kwa hesabu ya mashine, haikuwa na samaki wa kutosha. Nilikasirika hadi kichwa kikaniuma. Mradi ulipokwisha, mashine ilipakiwa ikarudi ilikotoka, na majibu yetu ndani yake. Hadi leo sijui yanawafaa nini huko, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Nilikwenda nyumbani kumpa mama habari. Alikuwa akitoa magamba, na hakuacha.

"Si walisema ina akili?" aliuliza. "Mwenye akili aone karai limejaa hivi, aamini nalala njaa?"

Nikamwambia mashine haikuona karai, haina macho.

"Sasa mbona mliiachia iamue?"

Swali hilo nilipaswa kuulizwa na afisa, au nimuulize yeye, na badala yake nililiulizwa na mtu mwenye magamba hadi viwikoni.

Msimu wa mvua uliofuata nilimsindikiza mama kwenye ile nyumba ya barafu. Tulikuwa tumelipia nafasi ya mizigo kwenye matatu ya kwenda mjini, samaki wamepangwa ndani ya magunia yaliyoloweshwa. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu, wanawake wageni wote, masikio yamesimama. Karani akamuuliza mama ana samaki kiasi gani, apate kujua ampimie barafu ya kiasi gani. Nilimkanyaga mguu. Akausogeza.

"Kidogo tu," alisema.

Karani akampimia kidogo. Tulipofika sokoni Kisumu nusu ya samaki walikuwa wameshaharibika, na mama akawatupia mbwa bila kunitazama.