Jiko la Shangazi Atuganile na Kuni za Msibani

Hapa Itaka ukisikia milango ya majiko inafungwa mmoja baada ya mwingine, paa, paa, paa, usidhani mvua inakuja. Ujue Shangazi Atuganile kapita barabarani.

Yaani yule mama ana pua. Akiona moshi unapenya kwenye paa la jiko lako, hodi anapiga akiwa ameshafika ndani. Anainama, anakagua mafiga yako kama trafiki anavyokagua tairi za lori kule Tunduma, halafu anaanza: "Mama Felix, huu ni mti mzima umelala hapa. Unapika maharage au unachoma tofali?" Na kujitetea huwezi, maana macho yako mekundu kwa moshi yameshakusaliti.

Si shangazi wa damu, ni shangazi wa kijiji kizima. Sisi vijana tukampa na cheo kabisa, Waziri wa Mazingira. Akionekana senta, mtu anaandika fasta kwenye grupu letu la WhatsApp: "Msafara umeanza, ficheni kuni." Habari zilipomfikia hakukasirika. Akauliza kama yeye ni waziri, gari lake liko wapi? Tukamwambia liko gereji. Gari lenyewe ni toroli la mume wake, Baba Lwitiko, analobebea udongo wa kichuguu.

Kazaliwa Ibaba, kule milimani Ileje, akaolewa huku Mbozi bado binti. Anasema alipofika, chini ya kilima cha nyuma ya kanisa kulikuwa na chemchemi mbili. Leo ipo moja, na hiyo moja inaishi kwa hisani ya mikuyu michache iliyobaki juu yake. Mingine imeenda wapi? Tumeila. Sijakosea, tumeila na ugali. Kila msiba, kila harusi, kila kipaimara, sufuria kubwa zinapandishwa kwenye mafiga, mafiga yanataka magogo, na magogo yako kilimani. Hakuna mbaya hapo. Kila mtu alikata mti mmoja tu, kwa ajili ya marehemu mmoja tu.

Ufundi wa majiko aliupata Mkwajuni. Alienda kumtunza mdogo wake aliyejifungua, akakuta bodaboda zinapita na magunia ya mkaa marefu kuliko dereva, na vilima vimebaki vipara. Akakuta pia kikundi cha akina mama wanaojenga majiko banifu ya udongo. Basi akawa asubuhi anaogesha mtoto, mchana anakanyaga matope. Baba Lwitiko mpaka leo analalamika: "Nilimruhusu mke aende kulea, wakanirudishia fundi mwashi. Na mahari yangu hawajasema chochote."

Jiko lenyewe halina maajabu. Lina mdomo mdogo wa kuni, tumbo la udongo linalokumbatia sufuria mpaka kiunoni, na bomba la kutolea moshi. Halili magogo. Linakula vijiti, yale matawi ya kahawa tunayopogoa na kuyaacha shambani, magunzi, takataka za namna hiyo. Sharti ni moja tu, hewa ipite. Ukilijaza linakabwa, kama mtu aliyemeza kiazi cha moto.

Mwaka huu akamaliza jiko kubwa ndani ya jengo la jiko la kanisa, lenye midomo miwili, la kupikia watu wa msiba mzima. Hapo ndipo alipogongana na Mzee Mbonile, mzee wa kanisa anayesimamia misiba.

"Atuganile, mimi sina ugomvi na udongo wako," Mzee Mbonile alimwambia mbele ya akina mama. "Lakini msiba si mahali pa majaribio. Watu wanatoka mbali, wanataka kula."

"Watakula, mzee."

"Tukubaliane. Msiba wa kwanza tupikie hapa. Watu wakishiba, hakuna shoka litakalopanda kilimani tena, nitalisemea mwenyewe mimbarini. Wakilala njaa, tunarudi kwenye mafiga, na mikuyu ile inaanguka. Sawa?"

"Sawa," alisema Shangazi.

Msiba wa kwanza ukawa wa Mzee Osea.

Naomba nisieleweke vibaya, tulimlilia. Ila Mzee Osea aliishi akashiba, na alikuwa mtani wa kijiji kizima, kwa hiyo hata jeneza lilipoingizwa nyumbani kuna mtu alikuwa analia huku anacheka. Asubuhi ile kulikuwa na ule ubaridi wetu wa Juni wa kukutoa kamasi bila ruhusa. Na akina mama wakaanza kuja, kila mmoja na mzigo wa kuni kichwani.

Hapo lazima uelewe. Kwetu hapa kuni za msibani si kuni. Ni pole. Mdomo unaweza kusema pole na moyo ukawa kwingine, lakini kuni umetembea nazo, shingo imeuma. Ndiyo maana watu huchagua gogo la maana. Ukileta vijiti, utasikia nyuma yako: "Huyu kaja kutuchokonolea meno."

Mkuu wa jikoni alikuwa Bibi Enesi. Huyu amepika misiba tangu baba zetu wakiwa wanatambaa. Mwiko wake mrefu hauguswi na mtu. Alipokea kila mzigo kwa mikono miwili, akasema asante, akausukuma ndani ya jiko. Mzigo wa Mama Felix, ndani. Wa mama mchungaji, ndani. Wa majirani wa ng'ambo ya mto, ndani, na teke juu ili uingie vizuri.

Shangazi Atuganile wakati huo alikuwa kwa mjane, Mama Agnes, jirani na kanisa, anamfunga kanga. Alipotoka nje akaona moshi kwenye jiko la kanisa. Sio ule wa bombani. Moshi ulikuwa unatoka mlangoni, madirishani, chini ya bati, na akina mama nao wanatoka humo humo wanakohoa kama wamefungiwa na pilipili.

Aliko alikuwepo. Aliko ni kijana wa hapa anayefanya mishe Tunduma, anavuka Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi mpaka salamu zake zimekuwa Kibemba. Msumeno wake wa mashine aliuegemeza ukutani tayari, kwa maelekezo ya Mzee Mbonile.

"Mulishani, bamayo! Habari, mama!" alimpigia saluti Shangazi. "Treni ya Tazara imehamia Itaka? Mbona hamkututangazia kituo?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Picha ilishafika kwenye grupu kabla moshi haujafika kanisani.

Mzee Mbonile hakucheka. Alifunua sufuria, akachovya kidole kwenye maji, akakiacha humo. Kidole kikatulia tu. "Vuguvugu," alisema. "Ibada inaanza sasa hivi. Tukitoka makaburini watu wanataka ugali, na Ileje wamekuja lori zima. Nikisikia wimbo wa mwisho na maji haya hayajachemka, Aliko anapanda kilimani."

Shangazi akaingia kwenye moshi. Akashika gogo la kwanza, akalivuta. Akavuta la pili. Mdomo wa jiko ukaanza kupumua kidogo.

"Wewe!" Sauti ya Bibi Enesi ilikata jiko zima. "Unatoa kuni za watu msibani?"

Shangazi akageuka.

"Bibi, jiko limekabwa. Hewa haipiti."

"Hewa ndiyo imefiwa? Hilo gogo unalolitupa ni la mama mchungaji. Kalibeba kutoka kwake na mgongo wake mbovu. Unamwambia nini? Kwamba pole yake haikutoshea?"

Mama mchungaji alikuwa pale mlangoni. Aliliangalia gogo lake mkononi mwa Shangazi, akarekebisha kitenge. Ingekuwa heri angetukana.

Nilimwona Shangazi amesimama na gogo mkononi, hajui aliweke wapi. Alikuwa ametufundisha kila kitu kuhusu lile jiko. Udongo upi, bomba urefu gani, majivu yatolewe vipi. Kitu kimoja hakukifikiria, jiko linalokula kidogo litafanya nini na watu wanaotaka kutoa kingi. Na asingeweza kusingizia ugeni, kwao Ibaba desturi ni hiyo hiyo.

Kanisani wimbo wa kwanza ukaanza.

Basi akafanya kitu. Alimfuata mama mchungaji, akapiga goti kama anayepokea wageni, akamnyooshea lile gogo. "Mama, Mzee Osea atapikiwa kwa kuni zako. Nivunjie kijiti kimoja humu, kwa mkono wako mwenyewe."

"Kimoja?"

"Kimoja. Mwingine naye kimoja. Kila mzigo uliokuja hapa utatoa kijiti, hakuna pole itakayobaki nje ya moto. Gogo lenyewe litaenda kwa Mama Agnes. Leo sisi tumejaa hapa, mama. Wiki ijayo atakuwa peke yake na jiko lake. Nani atamkatia kuni?"

Mama mchungaji akamwangalia. Halafu akamenya gamba kavu la gogo lake, akachana ubavuni kipande chembamba, akainama akakiingiza mwenyewe. "Pole, Mama Agnes," alisema taratibu, kama vile Mama Agnes yuko ndani ya jiko.

Magogo yaliyobaki mdomoni mwa jiko yakavutwa nje, ikawa foleni. Mama Felix akachomoa kijiti chake. "Pole, Mama Agnes." Majirani wa ng'ambo. Mabinti wa kwaya waliokuwa hawakubeba kitu wakakimbilia kwenye kahawa ya kanisa kuokota matawi, nao wasipitwe. Mwingine alileta kijiti kinene akarudishwa na wenzake: "Hicho ni nguzo, wewe! Kachane!" Wakaanza kucheka. Mmoja akakumbuka Mzee Osea alivyokuwa anawatania kwamba wanapika kama wanachoma msitu wamfukuze nyoka, wakacheka mpaka wakalia, wakalia mpaka wakacheka.

Moto ukalia vuuu ndani ya tumbo la udongo. Moshi ukakumbuka njia yake ya bombani.

Aliyebaki ni Bibi Enesi. Alisimama na mwiko wake kama askari wa benki. Mzigo wake wa kuni ulikuwa pale pale ukutani, mkubwa kuliko wote, maana yeye na marehemu walikua pamoja.

"Bibi," Shangazi alimwambia, "moto bado unakusubiri wewe."

"Usinibembeleze, mimi si mtoto." Akavuta kijiti, akakiangalia kama kinamdai maelezo. "Osea, unaona wanavyotufanya?" Akakiingiza. Halafu akapiga magoti, akachungulia ndani, na akakaa hapo muda mrefu kuliko alivyokusudia. Mtu aliyepika miaka yote hiyo akilia moshi, leo anaangalia moto kwa macho makavu. Machozi ya moshi ndiyo hayakuwepo, nasema. Ya Osea ni mambo mengine.

Kanisani wakafika wimbo wa mwisho. Aliko akauokota msumeno wake, akauweka begani. Sikutuma tena picha yoyote. Mzee Mbonile akaja jikoni na hatua zake za mzee wa kanisa. Hakuhitaji kuchovya kidole. Mfuniko ulikuwa unarukaruka, kata-kata-kata, na maji yanamwagika pembeni.

Alitazama maji, akatazama kile kijirundo cha vijiti kilichofanya kazi, akatazama lile lundo la magogo nje ambayo hayakuliwa na moto. Shangazi hakupumua. Naapa hakupumua.

"Mwageni unga," alisema Mzee Mbonile.

Jamani, zile pumzi zilizotoka pale jikoni zingeweza kuendesha mashine ya kusaga. Shangazi alikaa chini, puu, kwenye sakafu yenye majivu, akavua kandambili, akaanza kucheka peke yake. Bibi Enesi akasonga ugali mpaka mwiko ukasimama wima. Tulirudi kutoka makaburini tukala, Ileje wakala, wakaongeza, na dereva wa lori lao akafungiwa ugali wa kuondoka nao.

"Sasa mimi na mashine yangu?" Aliko aliuliza, kashika msumeno kama mtu aliyevaa suti kwenye harusi iliyoahirishwa. "Nimeshatia petroli."

"Njoo hapa, bamayo wako nikuoneshe," Shangazi akamwambia, huku anajifuta majivu puani na kuyahamishia shavuni. "Yale magogo yote yakate vipande, halafu uyachane kwa shoka vijiti vya kutosha mdomo wa jiko. Uyapange kwa Mama Agnes, chini ya bati yasinyeshewe."

Akakata mpaka jioni. Ule mngurumo tuliouogopa kutwa nzima kwamba tutausikia kilimani, tuliusikia uani kwa mjane. Lundo likafika dirishani. Mama Agnes alitoka nje, kanga kichwani, akasimama anapapasa vipande.

"Hiki ni mkaratusi, bila shaka cha mama mchungaji," alisema. "Na hiki kahawa, ni cha mabinti." Akageuka kwetu. "Nilidhani mtakula, mtaondoka. Kumbe mmebaki."

Jumapili iliyofuata Mzee Mbonile alisimama mimbarini akasema kama alivyoahidi, kuni za msiba zitaletwa kama zamani, kijiti kinaingia motoni, mzigo unaenda kwa mfiwa, na kilimani hapandi mtu na shoka. Kifupi hivyo, akaendelea na matangazo ya kwaya.

Nilikuwa natoka ibadani nyuma ya Shangazi nilipomwona Bibi Enesi anamvuta mkono pembeni ya ukuta.

"Lile jiko lako," alinong'ona, na mnong'ono wa Bibi Enesi unasikika Mlowo. "Dogo lake lipo?"

"Lipo, Bibi. Kesho nije na udongo?"

"Njoo. Ila pitia nyuma, kwenye migomba. Na toroli lako hilo lipake mafuta, linapiga kelele kama mbuzi. Sitaki watu wajue."

Shangazi akaapa hatasema. Na kweli hakusema. Mimi ndiye niliyeandika kwenye grupu, na Waziri, ambaye siku hizi tumeshamwingiza humo, akasoma, akanijibu kwa kifupi: "Kesho saa mbili. Njoo na jembe. Gari limetoka gereji."