Sabuni ya Kuzibia Rejeta

Mpaka leo nikinusa maji ya rejeta yanayochemka, ile harufu ya kutu na chuma cha moto, uso wangu hupata joto. Wenzangu huwaza gari litafikaje. Mimi namuwaza mama, na jinsi nilivyomwonea aibu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, sabuni ilipoadimika tukawa tunafulia majani ya mpapai. Baba aliendesha gari la kijiji, kuukuu lenye kelele, na mama alimtania kwamba ndilo mke mkubwa.

Asubuhi hiyo tulimpeleka bibi, mzaa baba, hospitali ya Kitete. Alikuwa hali chochote, na pumzi zilimpanda kwa shida. Alilala nyuma, kichwa mapajani mwa mama. Kando yangu alikaa jirani yetu, Mama Sesilia, na mwanawe mchanga aliyejaa upele. Juzi yake alikuja kuomba sabuni ya kumwogeshea, mama akamwambia hatuna hata chembe. Nami alfajiri ile nilikuwa nimemwona mama akifunga kipande kizima cha mche wa sabuni kwenye khanga yake.

Kabla ya Kwihara gari likachemsha. Baba alingoja lipoe, akafungua kifuniko polepole kwa tambara, kisha akajilaza chini akifuatisha unyevu kwa kidole. Alitoka na vumbi kichwa kizima.

“Rejeta imeachia kwenye mshono, huku chini,” alisema. “Maji ninayo, ila nikiyatia yatamwagika yote. Ningepata sabuni nikaziba hapo, tungefika.”

Bibi akakohoa. Nilitazama vidole vya miguu yangu, nikitaka mama aitoe, na nikitaka ardhi ipasuke asiitoe. Mama akafungua fundo la khanga bila kumtazama mtu, akaitoa.

“Kumbe,” alisema Mama Sesilia. Basi.

Akaipokea yeye mwenyewe, akaikwangua kwa kucha, akaikanda kwa maji kidogo mpaka ikawa laini kama ugali, akampa baba. Povu lililobaki viganjani akampaka mwanawe mgongoni, taratibu, lisipotee. Afadhali angetutukana.

Baba aliziba, akatia maji, akaacha kifuniko kimelegea, tukajikongoja hadi Kitete. Bibi alipona, akaishi miaka mingi akilalamikia chumvi ya mboga zetu. Kijijini tukaitwa “wenye sabuni.” Kisimani nikimwona Sesilia, binti mkubwa wa yule jirani, niligeuza na ndoo tupu. Mama sikumuuliza kitu. Niliamua tu kwamba ni mchoyo, nikakua hivyo.

Bibi alipofariki nilikuwa mtu mzima, na kwa mara ya kwanza niliitwa kusaidia kumwosha. Mama alinituma nilete sanda, udi na sabuni alivyokuwa ameviweka akiba. Nikamuuliza aliviweka lini.

“Sanda ni ya tangu safari ile ya Kitete,” alisema. “Ilikuwa fundoni pamoja na sabuni. Maiti wakati ule walioshwa kwa maji matupu. Nikasema mama mkwe wangu, hapana.”

“Sasa mbona hukumwambia Mama Sesilia?”

“Ningesemaje, mwanangu? Alipokuja kuomba, bibi yako alikuwa kalala hapo uani. Kwenye gari kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu, na masikio yake mazima.”

Nilibaki nimeshika beseni, nikashindwa kumtazama usoni.