Uchochoro Uliolala Njaa

Wening alipanga chumba kwangu hapa mjini Purwokerto miaka yote aliyosomea shahada ya lishe, na mwaka wa kwanza nusura nimfukuze kwa sababu ya mizani. Alikuwa na mizani ndogo ya jikoni, na hakuna kilichoingia kinywani mwake kabla hakijapimwa. Siku moja nilimkuta amepakata sahani ya mendoan yangu, tempe ya soya iliyochachushwa niliyoikaanga mwenyewe kwa unga na majani ya vitunguu, akaniambia kwa adabu zote kwamba imebeba mafuta kuliko soya. Nilimnunia wiki nzima. Lakini alikuwa binti mwema, sokoni alinibebea kapu bila kuombwa, basi nikameza hasira.

Baba yake analima viazi huko milimani Wonosobo, na mwaka wa mwisho alimpa maneno mafupi: usipomaliza safari hii, rudi tulime. Kwa hiyo tasnifu ndiyo iliyomshikia roho. Alichagua kuchunguza watu wa uchochoro wetu wanakula nini kutwa. Akapita nyumba kwa nyumba na fomu zake, akimuuliza kila mtu jana alikula nini, nao wakamjibu ukweli mtupu. Asubuhi sikula. Mchana nilikula, wali na mchicha. Jioni sikula. Naye, msichana wa huku huku, aliyelelewa kama sisi, akaandika vile vile alivyoambiwa.

Alipojumlisha, ikaonekana uchochoro mzima unaishi kwa chakula kisichomtosha mtoto wa chekechea. Nilimkuta jikoni analia.

"Bu Karsih," akaniambia, yaani Mama Karsih, "mbona hukunieleza kwamba unalala njaa?"

Niliona aibu, sijui hata aibu ya nini. Kweli jana yake jioni sikuwa nimekula. Nilikuwa nimechangamsha kinywa tu kwa bakuli la bakso, maana mzee wa kigari alipita na madonge ya nyama yananukia supu, halafu mihogo ya kukaanga, na ndizi za kusindikizia chai.

Msimamizi wake, bwana tunayemwita Pak Dibyo, mzaliwa wa mji huu huu, alizisoma zile fomu akavua miwani akafuta macho. Hakuuliza swali hata moja. Alipeleka habari ofisi ya mtaa, na haikupita wiki wakaja wauguzi na maboksi ya biskuti za watoto wenye utapiamlo, wakatupanga foleni tupimwe. Wa kwanza kupanda mizani alikuwa jirani yangu Pak Wagimin, fundi wa redio, ambaye hata kiti chake kimechongwa cha peke yake. Mshale ulikimbia ukagota mwisho. Wauguzi wakatazamana, wakaangalia karatasi za Wening, wakambonyeza tumbo. Wakasema ule ni uvimbe wa njaa.

Pak Wagimin alirudi nyumbani akajilaza kama mzazi. Mkewe akampikia tambi, akamkaangia tofu, akamfungulia na biskuti za msaada, boksi zima. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta anajifuta midomo, mkewe ananinong'oneza kwa huzuni kwamba mgonjwa bado hajagusa chakula.

Watahini hawakuwa watu wa kulia. Mmoja wao alimuuliza Wening: kama fomu hizi ni za kweli, hawa watu wanaishije? Binti akazipekua fomu zake upya. Akapewa mpaka wiki inayofuata awe na jibu, la sivyo amefeli. Usiku wote nilimsikia akitembea chumbani, na nilimwonea uchungu kama mwanangu wa kumzaa, maana ni sisi tuliomponza na hatukujua kwa lipi.

Pak Dibyo akasema atakuja mwenyewe aone kwa macho yake. Alifika asubuhi, na mgeni haachwi kinywa kitupu. Nyumba ya kwanza wakampa mendoan. Ya pili, tambi za kukaanga na yai. Kwa Pak Wagimin alipewa bakso, naye mgonjwa akainuka kitandani kumsindikiza kwa bakuli lake. Mchana alifika kibarazani kwangu, nikamtandazia mishikaki ya kuku, viazi vitamu na ndizi za unga, akavishukia vyote huku akitikisa kichwa kwa umaskini wetu. Wening alikaa pembeni na fomu tupu mapajani, uso umemsawajika.

Nikamuuliza mgeni kama desturi, "Umeshakula, Pak?"

"Bado, Bu," akajibu, na alisema kwa dhati. "Tangu asubuhi sijala."

Wening akainua kichwa. Akavitazama vile vijiti vitupu vya mishikaki mbele ya profesa wake.

"Na hivi je, Pak?"

"Hivi ni vya kutafuna tu." Mkono ulikuwa tayari kwenye ndizi nyingine. Ukasimama hapo hapo. Akaitazama ndizi iliyo vidoleni.

"Wening," akasema taratibu, "ulipowauliza wamekula nini, uliutaja wali?"

"Hapana, Pak. Nani huutaja? Kula ni kula wali."

Pak Dibyo akairudisha ndizi sahanini kama mtu aliyekamatwa nayo.

"Zitupe zile fomu. Waulize upya, kila kilichopita kinywani. Na uanze na mimi."

Wening akaanza na yeye. Aliandika mpaka karatasi ikajaa, akaigeuza upande wa pili, nao ukajaa. Hiyo ndiyo iliyompa shahada, na siku ya mahafali baba yake alishuka kutoka milimani na gunia la viazi, tukavikaanga tukavimaliza vyote kabla ya chakula. Lakini siku ile kibarazani, Wening alipokuwa bado anaandika na machozi ya furaha yanamdondoka, mimi niliinuka nikaenda jikoni kumpakulia profesa wali. Masikini, alikuwa hajala.